Nyuma ya Picha ya Baba

Ngazija, 12 Februari 1954

Mama Mwanarusi, mke wangu Khamisa,

Nimefika salama. Najua hilo ndilo neno unalolitafuta, kwa hiyo nimelitanguliza. Mengine yasome polepole ukiwa umekaa.

Meli ilitutapisha siku tano tangu Mombasa. Mimi niliyezoea kukaa kwenye kiti cha cherehani nikajikunja sakafuni kama suruali isiyopigwa pasi, na baharia mmoja akawa ananiruka kila akipita. Sasa niko kwa shangazi, na kisiwa chenyewe ni cheusi. Mawe yaliyotoka tumboni mwa mlima zamani yaliteremka moto mpaka baharini yakaganda hapo hapo, na watu wamejenga juu yake, wakapanda migomba kwenye nyufa. Mlima unaitwa Karthala. Umeinama juu ya mji wetu, kichwa kimo mawinguni, na watu hawapendi kuutaja. Nilipouliza kama umelala, binamu yangu alinikanyaga mguu.

Shangazi hajambo. Ile barua iliyosema yu mahututi ilikuwa na haraka kidogo, maana nilimkuta akikuna nazi. Aliponiona alilia, akasema nina pua ya baba. Anakusalimu, na anamsalimu sana msichana wetu mwenye jina lake.

Kuna jambo litakuchekesha. Katikati ya mji upo uwanja wa mawe unaoitwa bangwe, na mambo yote huamuliwa pale. Mwanamume asiyefanya harusi kubwa ya kulisha mji mzima hana ruhusa ya kusema neno pale, hata awe na mvi. Anaitwa mwana wa mji. Basi mimi na miaka yangu arobaini na moja ni mtoto, naambiwa nikae nyuma na ninyamaze.

Meli ya kurudi ni Aprili. Funga mlango vizuri, na mtu akibisha, uliza jina kwanza.

Mumeo,
Salim bin Hassan


Thika, 6 Machi 1954

Baba Mwanarusi,

Barua imefika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa ikabandikwa tena. Siku hizi zote zinakuja hivyo, basi na huyo anayesoma kabla yako nampa salamu zake.

Sisi hatujambo. Mwanarusi ameng'oka jino la mbele, analala na lile jino mkononi akisema ni la kukuonyesha. Mhindi wako ananipa mashati nishone vifungo hapa nyumbani, na kila Jumatatu anauliza fundi anarudi lini. Namwambia Aprili. Upepo ukitoka upande wa viwanda, Majengo yote inanuka nanasi mpaka chai inakuwa na ladha yake. Syombua wa chumba cha pili ananicheka, anasema nimekuwa mwoga, kiatu kikipita njiani nasimamisha sindano. Mwache acheke. Yeye ni Mkamba, haulizwi yale tunayoulizwa sisi.

Nina swali dogo. Ile karatasi ya ndoa yetu uliiweka wapi? Nimefungua sanduku la bati nikakuta karatasi za cherehani na cheti cha chanjo cha mtoto, lakini hiyo sikuiona. Si kitu. Ni kwamba wanaandikisha watu upya, na mzee wa mtaa amesema wanawake kama mimi, waliozaliwa Wakikuyu wakaolewa na watu wengine, wawe na karatasi karibu, wasije wakachanganywa na wale wanaopelekwa kambini. Sheikh aliyetuoza ni marehemu na daftari lake lilikwenda Mombasa, ndiyo maana nakuuliza wewe. Mpaka sasa hakuna aliyenisumbua. Usikatize ziara yako kwa jambo dogo.

Mlima huo usiupande.

Mkeo,
Khamisa


Ngazija, 27 Machi 1954

Mama Mwanarusi,

Barua yako imenikuta nimekwisha kuupanda.

Nisamehe. Binamu aliniambia mtu hawezi kujiita Mngazija kama hajatazama ndani ya Karthala, nami nikaona aibu. Siku ya kwanza tulipita msituni, miti imevaa ndevu za majani, matone yanaanguka ingawa hakuna mvua. Tulilala kwenye kibanda cha wachunga ng'ombe. Siku ya pili msitu ukaisha, vikabaki vichaka vifupi na mchanga mweusi, na ukimya ambao sijapata kuusikia. Kisha ardhi ikakatika mbele yetu. Shimo lenyewe, Mama Mwanarusi, ungetia Thika yote na viwanda vyake, ukatia na Ruiru, na bado ungetafuta cha kujazia. Chini kabisa kulikuwa na moshi. Nilishika jiwe, lilikuwa na joto la birika lililoepuliwa sasa hivi.

Binamu aliniambia pale juu hutaji jina la umpendaye, mlima usije ukalisikia. Sikulitaja. Tulipogeuka kushuka, kitu kilinguruma chini ya nyayo zangu, kwa kifua nikakisikia kabla ya masikio. Tulikimbia kama watoto. Bado magoti yananiuma, na bado naogopa, nakwambia kweli.

Tangu siku ile mlima unatoa moshi kidogo kila asubuhi. Nahodha wa meli ya Aprili amekataa kutia nanga huku. Wanasema Mei.

Kuhusu karatasi, ondoa wasiwasi. Iko nyuma ya picha ya baba, ile ya ukutani. Niliiingiza kati ya picha na ubao nikapiga misumari na gundi, isiliwe na mende. Tafadhali usiifungue, kioo kina ufa na picha ya marehemu ni hiyo moja tu. Siku ikibidi kabisa, vunja.

Jirani na kwa shangazi wanapaka chokaa nyumba mpya. Wanawake wanabeba maji huku wanaimba. Sijauliza ni ya nani.

Mumeo,
Salim


Thika, 20 Aprili 1954

Baba Mwanarusi,

Ngai! Mtu anaambiwa asipande, anakwenda kushika mawe ya moto. Ukirudi nitakufunga kamba kwenye mguu wa cherehani.

Nimefurahi sana kuhusu karatasi. Sikuifungua. Napangusa tu vumbi juu ya kioo, namtazama baba mkwe na kofia yake, namwambia mzee, umekaa na mimi. Nikilala naelekeza kichwa upande ule. Unakumbuka siku ya ndoa sikujua hata herufi a, nikatia kidole gumba, na Sheikh akasema kovu langu la kisu cha nanasi limetoka lote? Sasa naandika kurasa mbili. Ile chaki ya kukatia nguo uliyonifundishia ninayo bado.

Hapa si pabaya sana. Chumba cha mwisho kimebaki wazi, wenyewe waliondoka na lori wakiwa na sufuria moja. Maitu, mama yangu, yuko Ruiru kwenye nyumba za vibarua wa kahawa, nilitaka kwenda kumwona nikanyimwa barua ya njia. Ni umbali wa asubuhi moja kwa miguu, na ni kama yuko huko kwako. Askari wamekuwa wengi. Mtu akibisha nauliza jina mara mbili, na siku nyingine hata akilitaja sifungui, nakaa kimya na Mwanarusi chini ya meza, tunajifanya hatupo. Yeye anafikiri ni mchezo.

Lakini karatasi iko hapo. Nikikumbuka hivyo napumua.

Nyumba hiyo ya chokaa ni ya nani? Uliza, mimi napenda kujua.

Mkeo,
Khamisa


Thika, 10 Mei 1954

Kwako Salim,

Ni mimi Syombua, jirani yako. Naandika na mkono yangu mwenyewe, nilisoma kwa misheni mpaka darasa la tatu, kwa hivyo vumilia. Salamu tutapeana siku ingine. Mke wako amechukuliwa.

Ilikuwa Jumatano saa tatu ya asubuhi. Walizunguka Majengo yote, tukaambiwa tuketi chini kwa uwanja, mikono kwa kichwa. Halafu wakaleta yule wanaita gakunia. Ni mtu amefunikwa na gunia kutoka kichwa mpaka magoti, imetobolewa matundu mbili ya macho. Mnapita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, unakwenda upande ya lori. Mimi nilipita. Khamisa alikuwa nyuma yangu ameshika Mwanarusi mkono. Ile gunia ikamwangalia kwa muda. Halafu ikatikisa kichwa.

Hakulia. Aliambia yule mzungu, mimi ni mke wa Salim bin Hassan, fundi cherehani, Mngazija, na karatasi ya ndoa iko nyumbani nyuma ya picha ya baba mkwe. Alisema na nguvu, Salim. Hata mimi nikasema moyoni, huyu ameokoka. Hata askari aliamini, akasema twende utuonyeshe.

Tukaenda. Akatoa picha ukutani na mikono mbili, pole pole. Akaambia mzee wako, nisamehe baba. Akaivunja kwa kona ya meza.

Ndani kulikuwa na gazeti kuukuu. Hakuna kitu ingine. Alitafuta kwa ile vioo mpaka vidole ikatoa damu, anageuza gazeti, anageuza ubao, anageuza tena gazeti. Mtoto akamwambia, mama, haiko. Askari akacheka, akamwita na ile jina yake ya kuzaliwa, Waithira. Akasema, Waithira, wewe ni muongo, na nilikuwa karibu nikuamini.

Wamempeleka kambi ya waya huko nje ya Ruiru. Mtoto niko naye, anakula, halali vizuri. Ile wanawake ya kambi watapelekwa mbali mwisho wa mwezi wa sita, na watu wakipelekwa huko hawaandiki barua. Nilipeleka chakula nikamwona kwa mbali. Aliuliza kitu moja tu, kama umeandika.

Nimeuliza Mwanarusi kama baba yake husema uongo. Amesema hapana, baba haongopi. Basi sema wewe. Iko wapi hiyo karatasi?

Syombua wa Nzau


Ngazija, 5 Juni 1954

Mama Mwanarusi,

Barua hii atakuletea Syombua pamoja na karatasi. Ndiyo, karatasi ya ndoa. Nilikuwa nayo mimi.

Niliichukua siku ya kuondoka, wewe ukiwa umekwenda kuteka maji. Shangazi hakuwa mgonjwa. Aliniandikia kwamba wamenichagulia binti wa ukoo ili nifanye ile harusi kubwa iliyomshinda baba. Sikukwambia. Nilitaka nije niwaambie nina mke, niwaonyeshe karatasi, nirudi, usijue hata kama ilisemwa. Nyumba ile ya chokaa ni ya huyo binti na mimi. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Nilipofika nilimpa shangazi karatasi. Akasoma, Khamisa binti Abdallah. Unajua Sheikh alikuwa akiwaandika binti Abdallah wote waliosilimu. Shangazi akauliza, huyu ni wa nyumba gani ya Mombasa? Nikanyamaza. Akadhani wewe ni mtu wa pwani, mwenye ukoo, nami nikamwacha adhani hivyo. Akasema basi huyo awe wa kule na wetu awe wa huku, akaifungia karatasi kwenye kasha, ufunguo akautia shingoni. Nimeiomba kila wiki. Kila wiki ananiambia baada ya harusi, na meli ya Mei iliondoka nikiwa bado naingoja.

Ulipouliza iko wapi, niliogopa. Nikasema Aprili nitakuwa nimerudi, nitaipachika pale mwenyewe kabla hujafungua. Hiyo habari ya misumari na gundi niliitunga huku najisifu kwamba nimeitunga vizuri.

Barua ya Syombua imenifikia Ijumaa. Ardhi ilikuwa inatetemeka tangu alfajiri, nyumba mbili zilikwisha pata ufa, na mji mzima ulikuwa umetoka nje ukakaa kwenye bangwe, wazee wanasoma Yasini na majivu yanatuangukia mabegani. Nilisoma barua nimesimama. Halafu nikaanza kusema. Mzee mmoja akaniambia, kaa, mwana wa mji. Sikukaa. Niliwasomea yote, tangu mwanzo hadi pale anaponiuliza iko wapi. Kisha nikasema Khamisa ni Waithira, Mkikuyu, binti wa Kang'ethe aliyekuwa kibarua wa kahawa Ruiru, ndiye mke wangu, na anakwenda kupotea kwa sababu niliwaonea haya ninyi.

Vikombe vya kahawa vilikuwa vinagongana vyenyewe juu ya sinia. Shangazi akainuka, akaingia ndani ya nyumba ambayo kila mtu alikuwa ameikimbia. Alikaa humo mpaka wanawake wakaanza kulia. Akatoka na karatasi, akaniwekea mkononi, akasema, nenda, na usirudi tena. Sijui kama ni hasira au ni huruma.

Mlima umetulia kidogo leo. Meli ya barua haichukui abiria, mimi nitapanda ya mwezi wa Julai. Naogopa kwamba karatasi itachelewa. Naogopa zaidi kwamba itafika na wewe hutataka kunisikia. Sili, Mama Mwanarusi. Kila ardhi ikitikisika naona ni lori.

Nisamehe.

Salim


Thika, 3 Julai 1954

Salim,

Nimetoka. Nimelitanguliza hilo kama ulivyotanguliza lako.

Syombua aliishonea karatasi kwenye upindo wa leso yake akatembea nayo mpaka Ruiru, maana angeikunja mkononi wangemnyang'anya. Ilifika tarehe ishirini na nane. Lori lilikuwa la tarehe thelathini.

Waliniita ofisini kesho yake. Bwana mkubwa akasoma, Khamisa binti Abdallah, akatazama kitambulisho changu, Waithira wa Kang'ethe. Akasema hii ni ya mwanamke mwingine. Salim, miezi miwili nilikuwa naililia karatasi, na ilipokuja ilikuwa hainijui. Nilisimama pale nimeshika ukingo wa meza, naitazama kichwa chini miguu juu, ndipo nikakiona kidole changu. Kidole gumba nilichotia siku ya ndoa, na lile kovu la kisu cha nanasi limekikata katikati. Nikaomba wino. Nikakipiga tena, hapo kando, mbele yake. Alitazama kwa kioo cha kukuzia, akamwita mwenzake naye akatazama. Wakaniandikia ruhusa ya kubaki Thika.

Lori liliondoka siku ya pili yake na wale niliolala nao. Idah, aliyekuwa akinichana nywele, alinitupia kitana chake akiwa juu ya lori. Sijui cha kukifanyia.

Mwanarusi alinikataa siku ya kwanza. Sasa hanibanduki, hata chooni anakuja kusimama mlangoni.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Naamini yote uliyoandika, na naona ulivyohangaika. Mimi pia nilikuficha. Nilipoandika si kitu, nilikuwa nimekwisha itwa kwa mzee wa mtaa mara tatu, na mara ya tatu alinipiga kofi. Nilisema nisikuharibie ziara. Hilo ni langu, nalibeba. Tungepunguza woga wa kuambiana, labda picha ya baba ingekuwa na kioo chake.

Lakini nina neno moja. Mtu akitaka kuwaonyesha watu wake kwamba ana mke, humbeba mke. Wewe ulibeba karatasi, mimi ukaniacha. Uliwapa jina ambalo si la baba yangu, na la baba yangu ukalificha mpaka mji ulipotikisika. Askari aliponiita Waithira mbele ya mtoto nilidhani ndiyo fedheha kubwa kuliko zote. Sasa najua wewe ulikuwa na fedheha hiyo hiyo kabla yake, huko mbali, ukinywa kahawa.

Yule wa gunia niliyaona macho yake. Nayajua ni ya nani, na kila siku napishana naye dukani akinisalimu. Namwogopa. Lakini najua ninachokiogopa. Wewe nimelala ubavuni mwako miaka tisa, na wewe ndiye sikukujua.

Picha ya baba mkwe nimeirudisha ukutani bila kioo. Gazeti nimelitupa. Nyuma hakuna kitu, na ukija tazama mwenyewe.

Sisemi usije. Mtoto ameliweka lile jino kwenye kikopo cha vifungo, anakungoja. Chumba ni kile kile. Lakini mimi siku hizi simfungulii mtu ambaye hajasema, ulinifundisha mwenyewe. Ukifika, bisha. Nitauliza ni nani, na unatafuta nani. Ujibu jina lako, kisha ulitaje langu, Waithira wa Kang'ethe wa Ruiru, mkeo. Sema kwa sauti, majirani wote wasikie, na huyo wa gunia asikie.

Nitakuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo.

Waithira